Vifaa vya kwanza vya Mlima Kenya: cha kununua Gikomba, cha dukani na cha kukodi

Tuanze na hesabu ya baridi, maana ndiyo itakayokuamulia kila kitu sokoni. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Nairobi iko mita 1,700 na ushee juu ya bahari. Point Lenana, kilele wanachofika watembeaji wasiotumia kamba, kiko mita 4,985. Chukua ule usiku wa Julai ambao Nairobi nzima inalala na soksi kwa nyuzi 11, utoe nyuzi 19 au 20. Hiyo ndiyo hali inayokungoja juu kabla jua halijachomoza, na upepo bado haujaingia kwenye hesabu. (Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, ni za wenye kamba na helmeti, vifaa vyao ni habari nyingine.)

Anayeanza karibu kila mara hukosea mahali pamoja. Hutumia pesa nyingi kwa jaketi, kwa kuwa jaketi ndilo linaloonekana kwenye picha, kisha hupanda na raba. Fanya kinyume. Majaketi ya theluji yaliyo mazima yamejaa Gikomba na Toi, masoko ya mitumba ya Nairobi, kwani huko yanakotoka mtu huvaa lake wiki moja au mbili kwa mwaka, analichoka kabla halijachakaa. Buti zinazokutosha wewe, zenye soli isiyooza, ndizo adimu. Kwa hivyo karibu nusu ya pesa uliyotenga iende miguuni, sehemu kubwa ya iliyobaki iende kwa kitu cha kulalia, na mengine uyatafute mitumba bila haraka.

Bila haraka maana yake wiki nane. Miezi mikavu mlimani ni Januari na Februari, halafu kuanzia mwisho wa Julai hadi Septemba. Ukilenga Agosti, ingia sokoni mwanzoni mwa Juni. Buti huhitaji muda kuzoeana na mguu, na mitumba haina stoo ya nyuma: saizi yako ikikosekana leo, imekosekana.

Buti

Tafuta buti zinazopita kifundo cha mguu, zenye soli ngumu yenye meno marefu. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukunje. Kiatu cha mlima hukunjika pale vidole vinapoanzia tu. Kikikunjika katikati, rudisha. Kisha kisokote kama unayekamua kitambaa cha kupangusia. Kikizunguka bila kukataa, mawe yote ya Lenana utayahesabu kwa nyayo.

Saizi ipimwe jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi ya siku, na uwe umevaa soksi zile zile nene za safari. Usiamini namba peke yake, kwa kuwa 42 ya kampuni moja ni 43 ya nyingine. Ingiza mguu kabla ya kufunga kamba, usukume mbele hadi vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino lazima kidole chako cha shahada kipite. Sasa funga kamba, utafute ngazi au mteremko, ushuke kwa kukanyaga kwa nguvu. Vidole visigonge mbele, na kisigino kisipande ndani ya kiatu. Kutoka Lenana hadi geti la mbuga la Sirimon, lililo mita 2,650, unashuka zaidi ya mita 2,300. Kiatu kilichobana kidogo Nairobi hutoa kucha huko. Mguu mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake. Nunua kwa kufuata ule mkubwa.

Kwa buti za mitumba kuna ugonjwa mmoja ambao wengi hawaujui hadi uwapate njiani. Kati ya ngozi ya juu na raba ya chini kuna tabaka la sponji ngumu, mara nyingi la poliyurethani. Tabaka hilo huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Baada ya miaka kumi hivi kiatu kinaweza kung'aa kama kipya, meno ya soli yote yapo, kisha ukitembea saa tatu soli inabanduka nzima na kukuacha na soksi. Buti zilizotumika sana si za kuogopa kama zile zilizokaa sana.

Ugonjwa huo unapimika hapo hapo kwenye meza ya muuzaji. Bonyeza tabaka la sponji kwa ukucha wa kidole gumba, ukizunguka kiatu chote. Zima hurudi kama raba. Iliyooza hubaki na alama ya ukucha, au hutoa unga, au hunata kidogo. Kunja kiatu kwa nguvu mara kumi ukitazama pembeni: nyufa ndogo kama za matope yaliyokauka ni dalili ya kuondoka. Angalia pia kama soli imeshagundishwa upya. Gundi inayoonekana kama ute mkavu kwenye mshono inamaanisha kuna fundi aliyejaribu kuficha jambo. Gundi hushika raba na ngozi. Unga haiushiki, na ndiyo maana kiatu kama hicho hakina dawa.

Soli iliyobanduka ncha tu, sponji ikiwa nzima, fundi wa viatu anaitengeneza vizuri. Mwambie agundishe, abane usiku kucha, asishone kuzunguka kiatu chote kama ilivyo desturi yake. Sindano ikipita kwenye buti zisizopitisha maji, kila tundu ni mlango wa maji.

Ukipata buti, zivae msitu wa Karura kwa saa mbili, mara tatu au nne. Kisha Ngong Hills na begi mgongoni, kisha Longonot, ambayo kilele chake ni mita 2,776 na mzunguko wake una mchanga na miteremko mikali ya kutosha kuonyesha lengelenge litakapotokea. Pale panapouma, paka Vaselini na uweke plasta kabla, wala usingoje ngozi itoke.

Soksi ziwe jozi nne: mbili za sufu na mbili nyembamba za kuvaa ndani yake. Weka kando jozi moja ya sufu ambayo haitagusa kiatu kamwe. Ni ya kulalia.

Nguo, na jinsi ya kuzichagua Gikomba

Kanuni ni tabaka tatu. Ya ndani hukausha jasho, ya kati hushika joto, ya nje huzuia upepo na mvua. Unaanza safari na fulana moja ukitokwa na jasho, unamaliza ukiwa umevaa vyote ulivyobeba, ndiyo maana jaketi moja zito la kila kazi halifai: chini litakupika, juu halitatosha.

Adui ni pamba. Pamba hunywa jasho na kulikalia, na kitambaa chenye maji hunyonya joto la mwili haraka. Jinzi, fulana za kawaida na sweta nyingi za hudi ziache nyumbani, hata kama zinaonekana nene. Unataka poliesta au sufu. Sufu hukupa joto hata ikilowa, poliesta hukauka haraka.

Robota moja la mitumba linaweza kuwa na nguo za nchi tano, kwa hivyo soma lebo ya ndani ya mshono wa pembeni. Coton ya Kifaransa, katoen ya Kiholanzi na Baumwolle ya Kijerumani zote ni pamba ile ile. Wolle, laine na wol ni sufu. Lebo ikiwa imekatwa, chovya kidole kwenye maji ugusishe kitambaa: pamba hulinywa tone papo hapo na kuacha doa jeusi, poliesta ya flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya, huliacha likae juu kwanza.

Uliza muuzaji siku anayofungua robota, ufike asubuhi na mapema. Nguo za daraja la kwanza zinazochaguliwa mwanzo huitwa kamera, na zina bei ya kamera. Masalio ya mwisho huitwa fagia. Kwa tabaka la ndani na flisi, kwenye fagia unaweza kupata kitu kizuri kwa bei ya chai, kwani doa kifuani halipunguzi joto. Kwa jaketi la mvua usiende fagia. Na usitaje Mlima Kenya unapouliza bei. “Mama, hii ya mwisho ngapi?” inatosha, ukisema unatafuta ya mlimani, bei nayo inapanda mlima.

Utakayohitaji ni haya: fulana mbili za ndani za mikono mirefu na suruali moja ya kubana ya ndani, flisi mbili, moja nyembamba na moja nene, jaketi moja lenye kujaa, la manyoya ya bata au la nyuzi, jaketi la mvua, suruali mbili nyepesi za poliesta za kutembelea, suruali ya mvua. Suruali ya mvua iwe na zipu pembeni hadi magotini. Mvua ikianza ghafla hutaki kuvua buti kwenye matope ili uivae.

Jaketi la nje ndilo linalodanganya kuliko yote. Mitumba hujaa majaketi ya kuteleza kwenye theluji, yale ya skii na snobodi. Utayatambua kwa kitambaa chenye lastiki ndani ya kiuno, ambacho huzuia theluji isipande mgongoni, na kimfuko kidogo kwenye mkono wa kushoto cha kuwekea tiketi. Ni mazuri kwa usiku wa kilele. Lakini mengi yamejazwa nyuzi ndani na ni mazito. Ukilifanya la mvua ya mchana litakupikia jasho. Lenye kitambaa kitupu, bila kujazwa, ndilo bora, kwa sababu utalivaa juu ya flisi zako. Ukiona 10,000 au 10K kwenye lebo ya mkono, ni kipimo cha kuzuia maji, kwa milimita, nacho kinatosha.

Kabla ya kulipa, geuza jaketi ndani nje. Tazama utepe mwembamba uliobandikwa juu ya kila mshono. Ukiwa umeanza kubanduka kama plasta ya jana, mabegani hasa, maji yatapita hapo. Pitisha kiganja ndani ya kola na kwapani. Ukiona magamba meupe yakipukutika, au kitambaa kimejikunja na kutoa mapovu, utando wa kuzuia maji umekufa, na hakuna dawa ya kupaka inayoufufua. Jambo lingine ni tone la maji juu yake kusambaa badala ya kuviringika: hapo kilichoisha ni dawa ya juu tu, nayo hurudishwa kwa kunyunyizia nyingine na kupitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa safi. Kasoro hiyo ni ndogo. Itumie kupunguziwa bei. Zipu ivute mara tano ukiwa umeipinda kidogo. Meno yaliyopotea hayashonwi barabarani.

Jaketi la manyoya ya bata lishike mbele ya mwanga. Likiwa na madonge na mapengo yanayopitisha mwanga, lilifuliwa vibaya. Mara nyingi hufufuka ukilikausha polepole huku ukilipigapiga kwa mikono, lakini harufu ya ukungu haitoki. Na likilowa mlimani halina kazi tena, kwa hivyo anayepanda karibu na miezi ya mvua achague la nyuzi.

Glavu ni jozi mbili: nyembamba za flisi, na kubwa zisizopitisha upepo za kuvaa juu yake. Zijaribu pamoja. Zikibana, damu haipiti vizuri na vidole hupoa zaidi kuliko mtu asiye na glavu za pili. Karibu na kilele kuna vyuma vya kushikilia, na chuma cha alfajiri hiyo hakishikwi kwa mkono mtupu. Kichwani vaa mavini inayofunika masikio, shingoni kitambaa cha kuvuta hadi puani.

Kitu cha kulalia

Hapa ndipo tungemshauri anayeanza akodi. Begi la kulalia la baridi kali ni ghali likiwa jipya, na la mitumba huwezi kujua limekandamizwa miaka mingapi. Wanaokodisha wako Nairobi, Nanyuki na Naro Moru. Kodi Nairobi, ulikague nyumbani siku mbili kabla. Ukiliona kwa mara ya kwanza geti la mbuga, utachukua lolote utakalopewa.

Lebo huwa na namba tatu: Comfort, Limit na Extreme. Muuzaji atakusomea ile ya tatu, kwa kuwa ndiyo kali. Extreme ni kiwango cha kunusurika tu. Ukilala kwenye baridi hiyo hutapata usingizi. Soma Comfort, na iwe hasi 5 au chini zaidi. Kambi za Shipton's na Mackinder's ziko karibu mita 4,200, na maji ya nje huko huganda usiku. Ukiwa na begi la hasi 1, lala na nguo zote kavu, usiache mavini, na uweke chupa ya maji ya moto ndani ya soksi karibu na mapaja. Asubuhi ndiyo maji yako ya kunywa.

Kama utalala hemani, chini ya begi weka godoro la sponji au la kupuliza lenye namba R (kipimo cha kuzuia joto lisipotee) ya 4 au zaidi. Ardhi hunyonya joto kupita hewa, na uzito wako hukandamiza kijazo cha begi upande wa chini hadi kisifanye kazi. Wanaolala ndani ya vibanda hukuta vitanda vyenye godoro, kwa hivyo uliza kwanza utalala wapi.

Mabegi na vidogo vidogo

Mabegi mawili. Kubwa, la lita 60 hivi, hubebwa na mpagazi. Lolote imara linafaa. Dogo, la lita 25 hadi 30, ni lako siku nzima, na ndilo la kuchagua kwa makini. Lijaze kilo sita za unga pale pale dukani au nyumbani, ufunge mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga. Uzito ukiendelea kuning'inia mabegani, begi ni refu au fupi kwa mgongo wako. Mfuniko wa mvua peke yake hautoshi: maji hushuka mgongoni na kuingia kwa nyuma. Nguo kavu na begi la kulalia viingie kwenye mfuko usiopitisha maji wa kukunja mdomo. Juala lisikujie akilini, limepigwa marufuku nchini tangu 2017.

Chupa za maji za kutumia mara moja nazo zilipigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 2020, kwa hivyo nunua chupa mbili za kudumu za lita moja, na thamosi ndogo ya chai ya tangawizi kwa ajili ya usiku wa kilele. Wenye mfuko wa maji wa mrija wajue mrija huganda. Chupa nayo ibebe kichwa chini: barafu huanzia juu, basi mdomo utabaki wazi.

Tochi ya kichwani ni lazima, kwani safari ya kilele huanza saa nane au saa tisa usiku. Mwanga wa lumeni 200 unatosha. Zile za bei ya kutupa za mjini hufa kwenye swichi na si kwenye balbu. Ibonyeze mara ishirini kabla ya kulipa, na utikise. Betri za kawaida huishiwa haraka kwenye baridi, basi akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Za lithiamu hustahimili zaidi.

Miwani ya jua iwe na UV400, kiwango cha 3. Miwani nyeusi isiyo na kinga ni mbaya kuliko kukosa, kwa kuwa mboni hupanuka gizani na miale kuingia. Krimu ya SPF 50 na mafuta ya midomo hata kwa ngozi nyeusi. Jua la mita 4,900 linababua.

Fimbo mbili za kutembelea, za kukodi, zenye kufuli la kubana kwa kidole. Zile za kusokota huteleza ukizitegemea mteremkoni. Gaita, vile vifuniko vya kuanzia kiatu hadi chini ya goti, zina faida kubwa njia ya Naro Moru, ambako kuna kinamasi cha mteremko. Njia ya Sirimon ikiwa kavu unaweza kuziacha. Gambuti zinapita kwenye kinamasi vizuri sana, ila juu ya mawe zitakuvunja miguu, basi zisichukue nafasi ya buti.

Jaribio kabla ya safari

Wiki mbili kabla, vaa fulana ya kijivu na jaketi la mvua juu yake, usimame chini ya shawa dakika kumi, mikono ukiiinua na kuishusha. Vua. Fulana ya kijivu itakuonyesha kila mahali maji yalipopenya, kama ramani. Mabega yakilowa kwa mshono, jaketi limekataa na bado una muda wa kurudi Gikomba. Ikilowa ncha ya mikono ya fulana tu, kaza lastiki ya mkononi.

Kisha nenda Elephant Hill, kwenye Aberdare, ukiwa na begi dogo lenye uzito wake kamili. Ni zaidi ya mita 3,600, kuna matope na baridi ya kweli, na unarudi nyumbani jioni ile ile. Ukifika, kagua sponji ya buti tena kwa ukucha kabla hujaziosha, upande wa nje wa kisigino hasa, maana ndipo mpasuko wa kwanza huanzia.